Saumu ya Jirani Savita

Jumatatu, 3 Juni
Nimemponya mke wangu kifua. Mimi, daktari wa darasa la nne.

Uongo. Thandi bado anakohoa. Na dawa si yangu, ni ya Savita, jirani wa Kihindi tunayepakana naye ukuta hapa mtaani Malvern. Unakaanga kitunguu saumu kwenye mafuta ya haradali mpaka kiwe cheusi. Mafuta unampaka kifuani na kwenye nyayo, kisha soksi. Asubuhi punje mbili kwenye maziwa ya moto na manjano. Vidonge vya kliniki asiache, Savita kasisitiza. Thandi anasema nimemgeuza achari. Nikambusu unyayo. Eish, midomo inawasha.

Alhamisi, 6 Juni
Baridi mbaya. Kifua kinakoroma. Nimemwambia akifa namuoa Savita, mapishi yake matamu. Alicheka, kikohozi kikamkaba. Nimejuta. Baadaye, nikimpaka, akasema: "Mzee, usimwambie Savita. Si saumu. Ni mikono yako."

Jumapili, 9 Juni
Ambulensi. Nesi kaniruhusu kumpaka nyayo tu. Nimepaka.

Jumanne, 11 Juni
Thandi amefariki. Sina utani.

Jumatatu, 17 Juni
Tumeshazika. Binti yetu Zanele amefua kila kitu: blanketi, mito, zile soksi. Kafanya vizuri. Nilitaka kumzaba kofi. Nyumba nzima inanuka sabuni tu. Hata kwa Savita hakunuki kitu, wakati kila jioni saumu yake ilikuwa inapenya mpaka kitandani kwetu. Dawa yake imeshindwa, sasa ananikwepa. Namchukia.

Jumatano, 19 Juni
Nimeenda kumtukana. Nimemkuta na wali na dengu, chakula kisicho na viungo, kama cha mgonjwa. Anasema kwao, nyumba ikifiwa, saumu haiingii jikoni mpaka siku za msiba ziishe. Nikamuuliza kwa ukali, kafiwa na nani.

"Na Thandi," akasema.

Nimelia jikoni kwa mwanamke wa watu, mzee mzima. Kanipa dengu. Haina ladha. Nimemaliza.

Jumatano, 26 Juni
Siku za msiba za Savita zimeisha. Nimebeba kiti changu mpaka mlangoni kwake. Mwezi uliopita nilimtengenezea bomba la sinki, pesa nikakataa, akasema basi ana deni langu. Leo nimedai.

"Dada Savita, ile kazi ya bomba. Nikaangie punje tatu za saumu kwenye haradali, mlango uache wazi. Sili. Nakaa tu hapa."