Krosi za Sadiq

Jumatatu, 8 Agosti 2005

Nimerudi uwanjani leo. Malaria ilinilaza siku kumi na mbili na suruali inanipwaya. Nilifikiri vijana watanikimbilia. Walinisalimia vizuri, sikatai – pole Kocha, karibu Kocha – kisha wakarudi kumsikiliza Sadiq.

Bila mimi wamecheza mechi mbili na kushinda zote. Mimi sijashinda tangu Juni. Miaka mitatu Sadiq amekuwa msaidizi wangu hapa Kirigu Rovers, mtu wa kupanga koni na kujaza mipira upepo. Sasa wanamwita Mwalimu. Nani aliwaambia wamwite Mwalimu?

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 10 Agosti

Tulienda town mimi na Sadiq kuchukua jezi mpya. Tukaingia hoteli moja Latema Road kunywa chai. Mhudumu, mtu mzima, akasimama akitutazama. Nikajiweka sawa kitini. Nimezoea. Tangu bao la fainali ya 1989 watu hunisimamisha – wewe ndiye Mungai wa kile kichwa? – halafu humwuliza Sadiq yeye ni nani, naye husema alikuwa nami tu.

Leo yule mtu alimpa mkono Sadiq. Alisema amemwona kwa gazeti, kocha wa Kirigu, kazi safi. Kisha akanigeukia, akauliza kama mimi pia ni mtu wa mpira.

Sadiq akamweleza upesi kwamba kocha mwenyewe ni huyu, huyu ndiye Mungai. Kwa upole sana. Afadhali angenyamaza.

Jumapili, 14 Agosti

Tumeshinda mbili kwa moja na nimerudi nyumbani na hasira.

Kipindi cha kwanza nilipanga timu nilivyotaka. Tukafungwa. Wakati wa mapumziko naongea, naona macho ya vijana yanapita juu ya bega langu yakimtafuta yeye. Akanivuta kando. Alitaka nimtoe Ndeti katikati, nimpeleke pembeni kulia, kwa sababu beki wao wa kushoto amechoka. Nikamwambia straika hachezi pembeni. Mimi sikucheza pembeni hata siku moja!

Dakika ya sitini na tano nikamhamisha. Krosi mbili za Ndeti, mabao mawili.

Mtangazaji wa redio akaniuliza niliona nini. Nikasema niliona beki wao amechoka.

Mke wangu Milcah alikuwa akisikiliza jikoni. Nilipoingia hakuuliza habari ya mechi. Alisema tu, "Baba Waringa, hukumtaja Sadiq."

Jumanne, 16 Agosti

Ndeti amepata kanda ya video ya ile fainali. Sijui ameitoa wapi. Baada ya mazoezi wakaiweka pale klabuni. Nilikaa mbele kabisa.

Bao lile nalikumbuka hivi: naruka juu ya mabeki wawili, naelea, nauzungusha mpira hadi pembe ya mbali. Ndivyo nimewaambia watu miaka kumi na sita. Kwa kanda sikuruka juu ya mtu. Nilikuwa peke yangu. Sadiq alipita watu watatu, akabaki na kipa tu, lango liko wazi nusu nzima – akainua kichwa, akanitafuta. Mpira ukaja ukanigonga kipaji cha uso. Basi. Ulinigonga.

Kisha Ndeti, bila ubaya wowote, akasema lile bao lilikuwa la Mwalimu. Sadiq akacheka. Akasema angekosa, mguu wake wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Bao hilo lilinipeleka kucheza Muscat, Omani, misimu miwili. Lilinipa kazi hii. Yeye alibaki hapa akiuza vitambaa katika duka la shemeji yake Biashara Street, na jioni kufundisha watoto mpira kule Parklands. Vyeti vya ukocha anavyo vitatu. Mimi sina hata kimoja. Mimi nina kichwa.

Ijumaa, 19 Agosti

Mwenyekiti, Bwana Mwaura, ameniita ofisini Tom Mboya Street. Kuna kozi ya makocha Ujerumani, miezi minne, na klabu imepewa nafasi moja. Nilianza kushukuru. Akainua mkono.

Wanataka kumpeleka Sadiq.

"Wewe jina unalo tayari," akasema. "Yeye atarudi na elimu."

Kinachobaki ni barua yangu ya siri kwa kamati, kuhusu kazi yake na nidhamu yake. Nikasema hakuna shida. Nikashuka ngazi, nikavuka barabara bila kutazama, pikipiki nusura inigonge.

Atarudi na elimu. Halafu mimi nitakuwa nani hapo? Wa kupanga koni?

Jumatatu, 22 Agosti

Nimeandika ile barua mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Nimeichana.

Ya nne nimeipeleka kwa mpiga chapa River Road, msichana anaitwa Syokimau. Nimesema Sadiq anaujua mpira. Nimesema ana bidii. Kisha: "Hata hivyo, kila Ijumaa huacha mazoezi na kuondoka uwanjani."

Si uongo. Huondoka saa sita na nusu kwenda kuswali Kawangware. Sikuandika kwamba ruhusa nilimpa mimi. Sikuandika kwamba saa nane huwa amerudi, kabla hatujaanza mazoezi ya mchana.

Syokimau alisimamisha vidole. Akauliza, kila Ijumaa ama baadhi? Nikamwambia kila.

Bahasha nimeifunga kwa mate yangu mwenyewe.

Jumamosi, 27 Agosti

Sadiq amekuja kwangu Waithaka na mkewe Fathiya. Amesikia kwamba jina lake liko mbele ya kamati. Ya barua hajui. Aliniuliza ilikuwaje Muscat, kukaa mbali na watoto. Nikamwambia ni vigumu, vigumu sana, mtoto hukusahau. Nilitaka aogope.

Hakuogopa. Alisema Fathiya amekubali. Alisema ataniandikia kila somo watakalofundishwa, akirudi tufundishe pamoja, ule mpira wetu.

Ule mpira wetu! Nikatoka nje, nikajifanya ng'ombe ameniita.

Ijumaa, 2 Septemba

Naandika kwenye benchi nje ya mlango wa kamati, ghorofa ya tatu, Tom Mboya Street. Saa saba na robo mchana.

Walituita wote wawili. Sadiq aliingia kwanza. Ukuta ni wa mbao nyembamba. Nikamsikia Bwana Mwaura akiisoma barua yangu, neno kwa neno, mpaka ile "kila Ijumaa". Nikangoja Sadiq apandishe sauti. Akawaomba tu waangalie daftari la mahudhurio. Kila saa ya kutoka imeandikwa mle, na ya kurudi, na kocha ametia sahihi.

Katibu, Bi Ndunge, akatoka kuniuliza kama ninalo. Nikasema nimeliacha Waithaka. Akarudi ndani.

Ndipo Sadiq akatoka. Wamempa ruhusa akaswali Msikiti wa Jamia, watamngoja hadi saa nane. Alisimama mbele yangu akifunga vifungo vya mikono ya shati. Sikuweza kumtazama usoni.

"Liko kwa mkoba wako, Mungai," akasema. "Umetia sahihi leo asubuhi, ukaliweka. Nilikuwa nimesimama hapo." Akakohoa kidogo. "Ungeniambia tu unaitaka hiyo safari. Ningekuachia."

Akashuka ngazi. Na angeniachia, hilo ndilo linaloniuma! Angeinua kichwa, angenitafuta.

Nimelitoa. Kuanzia Januari, kila Ijumaa, mwandiko wake na sahihi yangu. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, nikichana moja itaonekana. Dirisha la ngazini liko wazi na chini yake ni paa la mabati la watu wengine. Mlango wa kamati uko hatua tatu.

Bi Ndunge amefungua tena. Anauliza kama nitakunywa chai tukingoja. Nimesema ndiyo, na asante. Haondoki. Anatazama magoti yangu, shajara hii juu na lile daftari la bluu chini yake.

"Ndilo hilo, Kocha?"

Amesimama anangoja, nami naandika.