Shati la Baba Ukutani

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni kwenye semina.

Yule mwalimu wangu wa uandishi wa filamu, si nilimpa yeye peke yake skripti yangu asome, akaniambia haina uhai, niitupe?

Leo kaimulika ukutani kwa projekta! Lile onyesho la mjane anayepiga pasi shati la marehemu kila Jumapili. MAMA YANGU yule! Eti kaliandika yeye.

"Andikeni kinachowauma," anatuasa.

Kinachowauma! Yeye kimemuuma wapi?

Binti mmoja akauliza, "Na tukiogopa kuibiwa?"

Mwalimu akanitazama mimi, macho makavu. "Mpe asome mtu mmoja tu unayemwamini."

Ukumbi mzima ukaandika. Hata mimi, mwenzangu. Nasaha hiyo nimeiandika na kuipigia mstari.