Mipira Sabini na Mitatu

Jumanne, 2 Julai

Joto la ajabu. Mahindi ya jirani yamenifika kiunoni na nzi wametufika jikoni.

Mazoezi ya besiboli jioni. Binti yetu Linnea karusha vizuri sana. Msichana pekee kwenye timu, na wavulana waliomcheka mwezi wa nne sasa wanagombania kumbebea begi! Mume wangu Darrin ndiye kocha, kwa hiyo humu ndani hakuna mada nyingine. Viazi vilipoa akichora uwanja mezani kwa chumvi, baba mzima.

Meya alivuka barabara nyuma yetu kama kawaida, akasalimia benchi zote mbili. Tulimpa jina hilo maana anawapitia watu kama anaomba kura. Paka asiye na adui.

Nimebebeshwa tena kazi ya kuhesabu mipira. Wazazi wengine wote ghafla wana miwani mibovu. Mrushaji akirusha, nabofya kidude cha kuhesabia. Raundi ikiisha nalinganisha na mhesabu wa timu ya pili, mwishoni tunaandika kwenye daftari la ligi na kusaini wote wawili. Ni kwa ajili ya mikono ya watoto. Mrushaji akizidisha mipira sitini na mitano kwa siku, lazima apumzike siku nne kamili. Akiishia hapo, tatu.

Alhamisi, 4 Julai

Fataki za sikukuu ya uhuru. Meya chini ya sofa, umeya wote umekwisha.

Darrin: tukishinda Jumamosi, nusu fainali ni Jumatano. Mji huu haujafika nusu fainali tangu yeye ana miaka kumi na miwili. Kasema mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ananitazama mimi.

Jumamosi, 6 Julai

Tumeshinda. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya.

Mhesabu wa wageni aliitwa Hoyt — baba mnene, mcheshi, kofia ya duka la mbegu. Mpaka raundi ya nne tulikuwa sawa: arobaini na tisa, arobaini na tisa. Raundi ya tano Meya akampandia mapajani, akalala chali. Hoyt akaweka kidude chake mezani ili amkune tumbo kwa mikono miwili.

— Mheshimiwa! Kumbe una wapiga kura mpaka kwetu?

Mchezo ulipoisha akacheka, akakuna kichwa. Dada, huyu paka wako kanipoteza kabisa. Wewe una ngapi?

Kidude changu kilisoma sabini na tatu.

Sabini na tatu ni siku nne. Siku nne ni Alhamisi. Nusu fainali ni Jumatano. Hesabu hiyo niliipiga haraka kuliko hesabu yoyote niliyowahi kupiga shuleni. Darrin alikuwa amesimama nyuma yangu, kashika wavu. Alikohoa tu.

Nikasema: sitini na nne.

Hoyt akaandika, akasaini, nami nikasaini. "Nakuamini, dada." Kisha akambeba Meya mpaka kwenye gari lake kumwonyesha mkewe.

Mipira tisa tu. Nani kafa kwa mipira tisa?

Jumapili, 7 Julai

Kanisani nilitazama viatu vyangu. Darrin anaimba akiosha gari. Hatujazungumza. Hatutazungumza.

Jumatano, 10 Julai

Mbili kwa moja! Tuko fainali! Watu wamelia, Darrin kamnyanyua Linnea juu kama bendera. Hamsini na minane leo — hii ya kweli, nimeihesabu kwa midomo.

Ila raundi ya mwisho Linnea alikuwa anakung'uta mkono kila baada ya mpira, kama mtu aliyemwagikiwa chai. Nilibofya. Niliendelea kubofya.

Alhamisi, 11 Julai

Meya amekuwa akilalia mkono wa kulia wa Linnea tangu ni kipaka. Wanatazama katuni hivyo kila asubuhi. Leo alipopanda, Linnea alitoa sauti — si kelele, sauti ndogo — akamsukuma kwa goti. Meya akajaribu tena. Akasukumwa tena. Akakaa chini ya kiti akimwangalia.

Uji wa shayiri kala kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza. Kasema anajifundisha kutumia mikono yote miwili.

Nikamwambia Darrin. Kasema uchovu tu, mfungie njegere za kwenye friza kama barafu. Nikasema nimepata nafasi kwa daktari Jumatatu.

— Jumatatu sawa kabisa. Fainali si Jumapili?

Nilimchukia, sekunde kama tano hivi. Kisha nikakumbuka saini ni ya nani.

Ijumaa, 12 Julai

Nilimkuta Linnea kwenye ngazi za nyuma anamenya mahindi. Kabana hindi kwa magoti, anavuta maganda kwa kushoto. Meya kalala kwenye maganda. Nikakaa.

— Mkono unauma?

— Kidogo.

— Tangu lini?

— Tangu Jumamosi. Mpira wa sitini na nane hivi, kiwiko kikawa kama kinachomwa.

Nikamuuliza anajuaje ni wa sitini na nane.

— Mama, si huwa nahesabu? Kila mpira. Nilirusha sabini na tatu.

Akaendelea kumenya, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Nikaona kwenye ubao wa ligi mmeandika sitini na nne. Nikajua mnataka nicheze Jumatano. Ndiyo maana sikusema kitu.

Akaniomba nisimwambie baba kwamba anajua. Baba atajisikia vibaya.

Nimelia bafuni, maji yakitiririka ili wasisikie. Mwanangu ana miaka kumi na miwili na anatutunzia siri zetu.

Jumamosi, 13 Julai

Nikisema ukweli, ushindi wa Jumatano unafutwa. Fainali hakuna. Wavulana kumi na mmoja watalia, mji mzima utajua mhesabu ni nani, na Darrin hatakuwa kocha tena wa kitu chochote. Nikimzuia bila kusema, Linnea ataonekana mwoga.

Nimekunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumapili, 14 Julai

Saa tatu asubuhi. Uwanja wa fainali uko mji wa pili, mwendo wa saa nzima. Darrin keshawasha gari.

Linnea kaja jikoni na kibanio mkononi. Kaomba nimfunge nywele. Hajaniomba hivyo tangu ana miaka sita. Akajaribu kunionyesha anavyotaka, mkia wa juu utokee nyuma ya kofia, na mkono ukakomea begani. Haukupanda zaidi. Akacheka kidogo, akaushusha kwa mkono wa pili.

Nilimfunga. Nywele zina harufu ya sabuni.

Alipofika mlangoni akageuka.

— Mama, leo hesabu zote, sawa?

Nikasema sawa. Kaenda.

Namba ya simu ya mwenyekiti wa ligi, Bi Ostrander, iko kwenye friji, chini ya sumaku ya jogoo. Nimeibandua. Iko hapa, juu ya ukurasa huu. Kidude kiko pembeni yake, kinasoma sifuri.

Honi. Darrin ananiita kwa jina, kwa furaha. Meya ameshapanda gari, kakaa dirishani.

Honi tena. Nimeshika simu, nimepiga ile namba. Inaita