Mto wa Spesioza

Musaga, Bujumbura

Yaya, dada yangu mupenzi,

Watu wa Uvira mumeamkaje? Magoti yako yamepoa? Mi niko muzima, nguvu bado ziko: juzi nilibeba magunia mawili ya simenti, moja kila bega, vijana wa chantier, pale tunapojenga, wakanivulia kofia.

Umeniambia nichome mto wa marehemu muke wangu Spesioza, ule aliojaza sufi kwa mikono yake. Ngoja nikueleze.

Tangu tumuzike, kila nikiamka juu ya mto ule napiga chafya. Si chafya za watu wadogo! Nilipiga moja kanisani, pasteri akakatisha maombi, waumini wakajibu amina. Mama alituambia: ukipiga chafya, kuna mutu anakutaja. Nikajua ni yeye. Nikawa naitika "karame", kama kwao wanavyoitika wakiitwa.

Halafu kifua kikaanza kulia. Nikaenda dispensaire, nikaeleza yote; infirmière, muuguzi wa pale, akanicheka.

"Papa, hakuna muzimu. Mto wa zamani una vidudu, jicho haliwezi kuviona. Walinzi wa ndani ya pua yako wakikutana na uchafu wa vidudu hivyo wanamwaga histamini. Hapo unawashwa, maji yanatoka, unapiga chafya. Masaa yakipita, walinzi wengine wanakuja na leukotriini: pua inavimba, inaziba."

"Kwa hiyo napigwa na askari wangu mwenyewe?"

"Kabisa. Na pua na kifua ni njia moja. Endelea kulalia mto huo, siku moja utatafuta pumzi uikose."

Nikameza vinini, vidonge alivyonipa, nikafunga mto ndani ya sashe ya plastiki. Pua ikakauka. Asubuhi nikaamka, nyumba kimya. Nikakaa kitandani nikingoja kutajwa. Yaya, mi niliyefukuza kiboko wa Rusizi kwa kandambili, ukimya ule uliniogopesha.

Kuchoma nimeshindwa. Jumapili nafungua sashe kidogo, naingiza pua. Chafya inakuja. Naitika, "Karame, Spesi." Kisha nafunga, nameza kinini, nakaa nasikiliza kifua mpaka kinyamaze. Jumapili iliyopita kilikawia.

Ukitaka kuja, njoo, kitanda kiko. Lakini kiberiti ukiache Uvira.

Musalimie shemeji, na mama mukwe wako anayenicheka kila mara. Watoto uwaambie mujomba wao hajapata mwenzake Bujumbura nzima. Hii ya mto usiwasomee.

Mi mudogo wako,
Deo