Muhidini Mbaruku, Mfugaji wa Vijidudu

Mwaka mmoja umetimia tangu asubuhi ile ya Machi 1978 ulipotuaga hapa Kwaluguru, Muhidini, nasi bado hatujatulia. Wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kutulia. Hukuweza kumaliza sahani ya ugali bila kuinuka mara mbili kwenda kuchungulia chupa zako za vijidudu. Mkeo Mwaija alizoea kukufunikia chakula hata kabla hujasema, "Narudi sasa hivi."

Uliporudi kutoka masomoni, mwaka uliofuata Uhuru, watu walisikia umekuwa daktari wakakuletea watoto wenye homa. Hukumcheka mtu. Ulieleza kwa upole kwamba wewe ni daktari wa bakteria, kisha ukawasindikiza mwenyewe hadi zahanati.

Kazi yako ilianzia Magoma, kwenye mtaro wa kiwanda cha mkonge, ulikochota tope lenye bakteria wanaolainisha mabaki ya majani. Ulitaka mabaki yale yaliwe na kuisha, yasiendelee kunuka kwenye maji ya kunywa. Mwaija alipouliza kimeng'enya ni kitu gani, ulimwonyesha chungu chake cha togwa: "Si unatia kimea kidogo tu, uji mzito unalegea? Basi na hawa wana kimea chao." Kwa miaka kumi na mmoja uliwazalisha na kuchagua, ukifuatilia jinsi kizazi kimoja kinavyokirithisha kingine kazi ile, hadi ukampata mmoja kati ya mamilioni aliyewapita wenzake wote. Uzao wake ukauita 416.

Mwaka 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, ulikuja kutoka Dar es Salaam kutusaidia kubeba. Watu walibeba milango na kuku. Wewe ulibeba mlango, na mfukoni mwa shati ulikuwa na chupa ya 416. Mzee Rehani akakuuliza, "Mwanangu, nchi nzima inapigana na vijidudu, wewe unawafuga?"

"Hawa hawali watu, mzee. Wanakula taka za mkonge."

"Haya. Na usiku unawafungia, au wanalala nje?"

Ulicheka hadi ukauweka mlango chini.

Sasa tukuambie tulilokuficha. Siku ya kuanua tanga, dada yako Swaumu alisafisha nyumba yote. Aliona aibu vyombo vya marehemu vibaki na uchafu, akazisugua chupa zako kwa majivu na maji ya moto. Miezi mitatu baadaye rafiki yako Simeo Hiza aliandika kutoka maabara yenu ya Dar es Salaam: 416 waliobaki kule wamepoteza ile kazi, vizazi vyao havina tena kimeng'enya kile, tafadhali tumpelekee wale wa nyumbani.

"Wifi," Swaumu alimwambia Mwaija, "moja nimetia mafuta ya taa, nyingine asali. Nimemuua kaka yangu mara ya pili." Tangu hapo akawa haingii ndani, anasalimia akiwa uani, anaondoka.

Chausiku, binti yako, alijua wapo wengine, akanyamaza. Katika barua yako ya mwisho uliyompelekea chuo cha ualimu Korogwe, karatasi ilikuwa imekwisha, ukachora duara kwa penseli kuzunguka maneno "Baba yako", ukaandika pembeni: "Humu nimewakausha 416. Wanajua kulala. Usiwaloweshe." Kwa wiki mbili aliitoa barua ile na kuirudisha kitabuni, akaitoa tena. Kuwatoa wale ni kukata maneno yale mawili.

Kisha Swaumu akaenda Magoma peke yake, akarudi na ndoo ya tope kichwani. "Si alichota pale pale? Na mimi nimechota."

Chausiku alitazama ile ndoo, akamtazama shangazi yake alivyolowa hadi mabegani. Akaingia ndani akachukua mkasi.

Simeo alikipokea kipande kile stesheni ya Korogwe. Tulingoja siku kumi na tisa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Wameamka. Wanafanya kazi kama siku ile Muhidini alipowapata."

Chausiku alikwenda kulisoma nyumbani kwa Swaumu. "Soma tena," akaambiwa. "Hapo pa kuamka." Jioni ile Swaumu aliingia ndani kwako, akaketi, akala.

Barua yako sasa ina tundu pale ulipotia sahihi. Chausiku bado huitoa na kuirudisha, na kidole chake hupita pale pale.

Unakumbukwa na mkeo Mwaija, binti yako Chausiku, dada yako Swaumu, rafiki yako Simeo Hiza, Mzee Rehani na majirani wote wa Kwaluguru. Kisomo cha dua ni Ijumaa hii nyumbani, baada ya sala. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema.

Chupa zako zimerudi rafuni, tupu. Kila siku tunakukumbuka, na tutakukumbuka daima.