Kaka Yangu na Majibu ya Mate

Denise, Carmine kanichosha.

Mkesha wa Krismasi, meza imejaa samaki, huyu kaka yangu anasoma majibu ya vile vipimo vya mate vya kujua asili ya mtu. Yeye Mwitaliano asilimia 82, mimi 69. Basi mwanaume mzima anamgeukia mama: "Huyu ulimzaa na nani?"

Na nani, Denise. Mbele ya baba.

Mama, mwenyewe nusu Mwairishi, anaendelea kupakua mchuzi wa kamba na ngisi.

"Wewe umepata kamba, dada yako kapata ngisi. Sufuria si moja? Kila mtoto huchota nusu kwangu na nusu kwa baba yenu, ila si nusu zilezile."

Mama akamjazia bakuli.

"Na ulipochota wewe, akili ilibaki chini ya sufuria."

Baba akasogeza bakuli lake. "Mimi nipe ngisi."