Risasi Isiyoua Upesi

Jumapili, Merrylands, huku ughaibuni. Mvua inanyesha tangu asubuhi na nyumba nzima inanukia pilau. Nimefungua dirisha hivyohivyo na baridi yake. Kinyaa hakitoki.

Leo tumesoma hitima ya baba mkwe. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kukaa nasi, aliomba jambo moja tu: watakaokuja kusoma wale nyama ya porini, maana marehemu alikuwa mwindaji. Na kwa mama, mnyama wa bunduki haliwi mpaka awahiwe na kisu angali hai. Akifa kwa risasi, huyo ni mzoga.

Basi juzi mimi na shemeji Salim, kaka wa mke wangu, tukaenda kununua risasi. Muuzaji akatushauri tuchukue zenye kichwa kizito na kigumu: kinapenya mbavu hadi moyoni, kulungu anakufa palepale. Salim akatikisa kichwa.

"Bro, too quick hiyo. Tutamwahi saa ngapi?"

Akachagua zenye kichwa chepesi kuliko zote. Muuzaji akasema hizo ni za mbweha na sungura. Zikigonga mfupa zinapasuka juujuu, hazifiki ndani. Salim akajibu ndicho hasa anachotaka. Yule mtu alitutazama kwa namna ambayo sijaisahau. Nami nikalipa, maana hesabu ya Salim niliiona ina akili.

Jana tulikwenda shambani kwa mzee mmoja tunayefahamiana naye, kusini ya mji. Salim alilenga bega, na bega likafumuka. Kulungu jike akaanguka, akajaribu kusimama kwa miguu mitatu, akaanguka tena. Alikuwa analia. Sikujua kwamba wanalia.

Salim alinipa bunduki, akakimbia na kisu. Katikati palikuwa na seng'enge, halafu korongo. Muda wote huo mnyama alinitazama mimi. Ningeweza kummaliza, lakini ningemmaliza, hitima ingekosa nyama.

Sikummaliza. Salim alimfikia angali hai, akamchinja.

Jioni nikakata nyama jikoni. Damu imevilia, manyoya yameingia ndani, vipande vya mfupa na vya shaba ya risasi hadi shingoni. Nilitoka mara mbili kwenda kutapika.

"Mlimwahi, mwanangu?" mama aliniuliza.

"Tulimwahi, mama."

Akamshukuru Mungu, machozi yakamtoka.

Wageni wamekula wakasifu. Nyama ni halali, hakuna wa kubisha. Mimi nimekula kachumbari na ndizi, nikasingizia tumbo. Tumbo lenyewe halikuwa na kosa. Najichukia mimi, na Salim aliyejipakulia tena huku anacheka namchukia zaidi.

Mama amenifungia bakuli la nyama la kazini. Liko kwenye friji. Kesho nitaila, yote, maana nikiimwaga yule jike atakuwa ameteseka bure.

Ila Salim atafute mtu mwingine wa kumshikia bunduki.